Jibu: Mabuu wa minyoo kwenye kinyesi cha kulungu, utajuaje ni spishi gani?

Salama mdogo wangu. Kwa hiyo uko Minnesota, Marekani, umekuta mabuu wenye kimwiba mgongoni, karibu na mkia, ndani ya kinyesi cha kulungu mkia-mweupe, na msimamizi wako anataka jina la spishi. Hadubini usiipotezee muda. Mabuu wa Parelaphostrongylus tenuis, mnyoo wa ubongo, na wa P. andersoni, anayekaa kwenye misuli, wanafanana kama pacha.

Chukua kinyesi kibichi, kifunge kwa chachi, kitumbukize kwenye faneli ya maji vuguvugu iliyobanwa mpira chini, uache hadi kesho. Mabuu watazama. Wachukue mmoja mmoja, uwasuuze vizuri, kwa sababu uchafu wa kinyesi huzuia PCR, yaani njia ya kunakili DNA mara nyingi. Kisha soma mfuatano wa kipande cha DNA kiitwacho ITS-2 na ukilinganishe na GenBank, hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya DNA. Ukichanganya mabuu kumi kwenye kichupa kimoja na spishi zikawa mbili, grafu ya usomaji wa DNA itakupa mawimbi yaliyopandana yasiyosomeka.

Hifadhi mabuu kwa ethanoli, formalini hapana, huharibu DNA! Mimi niliwahi kuitumia, na kazi ya msimu mzima ikaishia kwenye ndoo ya taka. Kila unapoendesha PCR, weka na kichupa kimoja kisicho na DNA. Kikionyesha mstari wa DNA, kuna uchafuzi, matokeo yote tupa.

Vaa glavu, na uliza mapema kuhusu kibali cha sampuli. Ukiona kulungu au musi (moose, jamii kubwa ya kulungu) anazunguka-zunguka au kichwa kimepinda, usimsogelee, piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo.