Video za bure kwa mradi mdogo: nizitafute wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandaa filamu fupi ya dakika tano kuhusu utunzaji wa maji, na sina kamera. Je, nitapata wapi vipande vya video vya mito, mvua na mabomba bila malipo, na nikivitumia sitaingia matatani?

JIBU: Ndugu msomaji, anzia tovuti za Pexels na Pixabay, ambako vipande vya namna hiyo vimejaa tele, na leseni zake zinaruhusu kuvihariri na kuvitumia hata katika kazi ya biashara bila kulazimika kumtaja mpigaji, ingawa binafsi naona ni uungwana kumtaja. Mawingu na dunia ionekanavyo kutoka angani vitafute NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ambao kazi zao kwa kawaida hazina hakimiliki nchini Marekani. Kwa filamu za zamani, pekua mkusanyo wa Prelinger ulio katika Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni.

Swali lako la pili ndilo zito, kwa sababu wengi hudhani kwamba kitu cha bure hakina masharti. Ukikuta leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya pamoja ambayo mwenye kazi huwapa watu waitumie kwa masharti, soma herufi zake: BY inakutaka umtaje mwenye kazi, SA inakutaka kazi uliyoitohoa uitoe kwa leseni hiyohiyo, NC inakataza matumizi ya kibiashara, na ND iache kabisa, kwa kuwa hairuhusu kusambaza kazi iliyobadilishwa, nawe utakata na kuunganisha.

Tuseme umepata kipande cha sekunde 12, matone yakidondoka kutoka kwenye bomba lenye kutu. Kabla ya kukipakua, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la mpigaji, leseni na anwani ya ukurasa, kisha uihifadhi pamoja na faili lenyewe, kwa maana aliyekiweka anaweza kukiondoa kesho nawe ukabaki bila ushahidi. Endapo pembeni ya bomba hilo yupo mtoto ambaye uso wake unatambulika, ongeza uangalifu: leseni ya mpigaji si lazima iwe na ridhaa ya aliyepigwa, hivyo usimhusishe na jambo la kumvunjia heshima.

Mwisho, angalia idadi ya fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, kwa sekunde. Kipande cha fremu 30 kikiingizwa katika mradi wa fremu 25 bila kurekebishwa, matone yale yataonekana yakirukaruka badala ya kudondoka.