Jibu: Kwa nini Hazina yetu haina mfuko wa kaboni kama wa California

Dada, umeuliza kwa nini California hupanga bajeti kwa pesa za kaboni na sisi hapa Nairobi hatuoni kitu kama hicho. Kinachouzwa si kimoja. Kule serikali imewawekea wachafuzi wakubwa kikomo cha hewa chafu, na tangu Novemba 2012 inapiga mnada vibali vya kutoa hewa chafu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya vibali huuzwa na serikali yenyewe, pesa huingia mfuko maalumu na wabunge huzigawa. Lakini usizitegemee kama mshahara: mnada wa Mei 2016 ulidoda, vibali vingi vikakosa wanunuzi.

Kenya haina kikomo wala mnada huo. Miradi kama Kasigau, kule Taita Taveta, huuza kwa kampuni vyeti vya kaboni, yaani uthibitisho wa hewa chafu iliyozuiwa kwa kulinda misitu, na muuzaji si Hazina. Haki ya wananchi imo kwenye sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023: mradi wa kaboni unaotegemea ardhi, kama msitu, uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Mimi ningeanzia hapo, niombe kuona mkataba wa mradi na jamii pamoja na hesabu zake, kabla ya kudai mfuko mpya.