Studio imenunuliwa, gemu zangu je?

Swali: Studio ninayoipenda imenunuliwa na kampuni ya konsoli nisiyokuwa nayo. Je, nitazikosa gemu zake?

Jibu: Ulizokwisha nunua ni zako, diski itaendelea kusoma. Hofu ni kwa zijazo, na ina msingi. Microsoft, wenye konsoli ya Xbox, ilikamilisha kuinunua ZeniMax, kampuni mama ya Bethesda inayotoa gemu, Machi 2021. Gemu yao Deathloop ikatoka PlayStation 5, konsoli ya Sony, mwaka huohuo kwa kuwa mkataba na Sony ulishasainiwa. Nyingine yao, Starfield, ilipotoka 2023 ilikuwa Xbox na kompyuta tu. Ila Sony iliinunua studio ya Bungie 2022, na gemu yake Destiny 2 ikaendelea kuchezwa Xbox. Usikimbilie kuuza konsoli. Subiri gemu yenyewe itajiwe mashine zake. Ukihamia konsoli nyingine na Destiny 2, unganisha akaunti kwanza: wahusika watakufuata, nyongeza kubwa utazinunua upya.