Bwana harusi, mwambie mwenzio kabla ya kikao cha kamati

"Shikamoo shangazi. Mimi ni fundi aluminiamu, nakaa Nkuhungu, Dodoma. Nafunga ndoa kanisani mwezi wa nane, jioni kuna sherehe ukumbini. Kila ninayemuuliza siku hiyo inakuwaje ananijibu kwamba harusi ni ya bibi harusi, mimi nivae suti tu. Kamati imepanga bajeti ya milioni 22. Ahadi zimefika milioni 15, taslimu iliyoingia ni milioni 6. Bestimani wangu anasema nichukue mkopo wa kujazia, nitaulipa kwa zawadi. Mahari sijamaliza, na mjomba wa mchumba wangu anasema bila hiyo hakuna ndoa. Mchumba wangu hajui lolote kati ya haya. Usiku silali. Nitegemee nini?"

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Siku yenyewe nitakueleza, lakini ngoja kwanza niseme juu ya fedha, maana usingizi wako umepotelea huko.

Mkopo usichukue. Anayekushauri anakupenda, ila hajawahi kukaa na maharusi asubuhi ya pili wakifungua zawadi. Watu wetu wanatoa vitu: godoro, jiko la gesi, seti ya sufuria, vitenge, blanketi. Bahasha zipo, lakini wengi waliochangia kwenye kamati wanaona zawadi yao walishaitoa, na wana haki ya kuona hivyo. Mkopo unaopatikana kwa haraka mtaani ni kausha damu, wenye riba kubwa, na marejesho yake yataanza wakati bado mnazoeana ndani ya nyumba. Nimewaona wadai wakibeba kochi la maharusi ambao picha zao za harusi zilikuwa bado ziko kwa mpiga picha. Mke yule alisimama mlangoni na kanga begani, hajui deni limetoka wapi. Sitaki hilo liwakute ninyi.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kikao, kaa na mchumba wako. Nendeni Nyerere Square jioni jua likipungua, au popote msipokuwa na mawifi wala marafiki, umwonyeshe daftari lote: bajeti, ahadi, taslimu, mahari iliyobaki. Huenda akakasirika. Yeye naye ana kamati ya sendofu nyuma yake, ana wenzake wa kichenpati wanaomuuliza ukumbi gani, gari gani. Mwache aseme mpaka amalize. Kisha mkubaliane kiasi ambacho hamtakivuka, na hicho ndicho ukipeleke kwenye kikao.

Kwenye kikao zungumza wewe mwenyewe, kwa heshima, lakini usikike. Mwombe mwenyekiti matumizi yapangwe kwa fedha iliyoko kwa mweka hazina, na ahadi iingie kwenye hesabu pale tu inapolipwa. Wataanza kupunguza mapambo. Waambie waanze na kadi. Kila kadi ya watu wawili ni sahani mbili, viti viwili na vinywaji vya watu wawili. Ukipunguza wageni, umepunguza ukumbi, mpishi na vinywaji kwa mara moja. Matarumbeta yakikosekana hakuna atakayelala njaa.

Kuhusu mjomba: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimpi nguvu ya kuzuia ndoa kwa sababu ya mahari. Ndoa iliyotimiza masharti mengine ni halali hata mahari ikiwa haijakamilika. Kinachotakiwa ni hiari yenu wawili, tangazo lililotolewa siku 21 kabla, na mashahidi. Lakini tafadhali, mwanangu, usimjibu mjomba kwa vifungu vya sheria. Kama ukweni ni Ugogoni, unajua mahari kule inahesabiwa kwa ng'ombe na mbuzi hata mnapotoa fedha, na wajomba wana fungu lao. Huenda mzee huyo anauliza tu kama amesahauliwa. Mtume mshenga aende nyumbani kwake, ataje kilichobaki na mwezi utakaokileta. Usitaje mwezi ambao hutaweza.

Sasa siku zenyewe. Sendofu ni shughuli ya upande wa mke, wewe unakwenda kama mgeni na watu wako. Mshereheshaji atamwambia mchumba wako akutafute ukumbini. Atapita meza hadi meza, watu wakishangilia, nawe utakuwa umekaa katikati ya wenzako. Akifika simama, mshike mkono, tabasamu. Ni dakika chache, ila wakwe watakuangalia kuliko siku nyingine yoyote.

Asubuhi ya harusi kula. Kunywa uji, kula chapati na mayai, hata kama koo limekauka. Ukumbini mtaketi meza ya mbele na sahani yenu itapoa huku watu wanakuja kupiga picha, na mabwana harusi wengi wanamaliza usiku bila kula chochote cha maana. Mpe bestimani chupa ya maji na karanga azitunze.

Simu pia mpe mtu, tena asiwe bestimani, maana naye atakuwa na kazi zake. Siku hiyo mpishi atapiga akidai salio, mpambaji atapiga, dereva atauliza njia, shangazi kutoka Mpwapwa atakuwa stendi hajui aende wapi. Hayo yote yana mtu wa kamati wa kuyashughulikia. Wanaokwenda kumchukua bibi harusi wape noti ndogondogo, za elfu moja na elfu mbili, kwa sababu watakuta mlango umefungwa na wadogo zake na mashangazi wanaotaka chochote. Ni furaha yao. Wasiokuwa na noti ndogo ndio wanaofika kanisani wamechelewa.

Kanisani mikono itatetemeka. Pete ikikwama kwenye kifundo cha kidole usiisukume kwa nguvu, izungushe taratibu. Kisha mtaitwa kutia saini, na hapo ndipo watu hawakuandai. Kabla ya kuweka saini, soma majina yenu yote mawili herufi kwa herufi, yalingane na vitambulisho vya NIDA. Herufi moja iliyokosewa kwenye cheti cha ndoa itakusumbua siku unamwandikisha mkeo bima ya afya, au mnafuatilia pasipoti. Padri au mchungaji hatachukia ukimwomba asubiri kidogo usome.

Mchana jua la Dodoma ni kali na mwezi wa nane una upepo wa vumbi. Mwambie mpiga picha msianze saa nane. Ukumbini mtaingia kwa kucheza, mtakata keki na kuwapelekea wazazi wa pande zote, shampeni itafunguliwa, watakula, zawadi zitapita kwa foleni na nyimbo. Hapo huna la kuamua, fuata mshereheshaji. La kwako ni neno la shukrani. Liwe fupi. Taja wazazi wake kabla ya wako, taja kamati, kisha mgeukie mkeo na umwambie jambo moja mbele ya watu ambalo ulimpendea. Hilo liandae wewe, asikuandalie mtu.

Na mara kwa mara muulize, kwa sauti ya chini, kama viatu vinambana, kama ana kiu. Atakuwa amebanwa na gauni tangu asubuhi na hakuna mwingine atakayemuuliza.

Usiku mkifika chumbani mnaweza kuwa mmechoka mpaka mlale na nguo. Vijana wanakuja kwangu na aibu juu ya hilo. Laleni salama, mna maisha mbele.

Baadaye kitaitishwa kikao cha kuvunja kamati. Nendeni wote wawili. Mweka hazina atasoma kilichoingia na kilichotoka, na kama kuna salio au deni, mkeo alisikie palepale pamoja na wewe.