Duka la Kiganjani: Maswali Yenu ya Wiki Hii

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanaochukua mzigo Kariakoo na kuuzia Instagram na WhatsApp. Nami nilianzia hapo hapo. Naanza na swali lililonigusa zaidi.

Shikamoo dada. Nauza raba za kike. Dazeni nachukua kwa 180,000, pea moja nauza 22,000, mjini napeleka bure. Mzigo unaisha kila wiki, lakini siku ya kurudi Kariakoo hela haitoshi. Jirani anasema ni chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta hela za wengine. (Tabata)

Marahaba mdogo wangu. Waache na chuma ulete wao, chukua daftari tupige hesabu. Pea imekugharimu 15,000. Nauli na mbebaji tuseme 6,000, ukigawa kwa pea 12 ni 500. Mfuko 300. Bando na tangazo la kulipia 15,000 kwa dazeni, yaani 1,250 kila pea. Tayari pea imefika 17,050 na hujauza. Mteja anaomba apunguziwe, unampa kwa 20,000. Imebaki 2,950. Hapo hapo unamlipa boda 3,000 kwa sababu uliandika "delivari bure". Umemuuzia mtu kiatu na kumwongezea shilingi 50 juu.

Na bado hatujagusa ile buku mbili uliyochomoa kwenye simu ukanunua mboga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ndiyo habari yenyewe. Boda alipe mteja, na umwambie kiasi kabla hajalipia kiatu. Laini ya biashara iwe peke yake, isiwe hiyo ya kununulia umeme na kutuma kwa mama. Jilipe mshahara mdogo kila Jumamosi, kisha hela ya biashara usiiguse tena. Na tafadhali, pengo hilo usilizibe kwa mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kukamua. Nimeona wenzetu wakichukuliwa hadi friji kwa ajili ya dazeni mbili za viatu.

Niweke bei kwenye posti au waje inbox? Naogopa washindani wataiona. (Mbagala)

Weka. Mshindani wako anachukua mzigo duka lile lile unalochukua wewe, bei anaijua. Asiyeijua ni mteja, na wengi wakisoma "njoo inbox" wanahisi utawapima kwanza uwezo wao ndipo utaje bei. Dukani mtu anashika kitambaa, anakigeuza, anakunusa na wewe mwenyewe. Kwenye simu hana cha kushika isipokuwa unachomwonyesha. Ndiyo maana nasema pia, nguo ya mtumba ikiwa na doa, lipige picha lile doa.

Mteja alinitumia meseji ya muamala, nikatoa mzigo. Kumbe feki. Nitajikingaje? (Kimara)

Pole sana kaka. Picha ya muamala si malipo, na meseji iliyotoka namba ya kawaida si malipo. Kabla boda hajawasha pikipiki, ingia mwenyewe kwenye menyu, kwa M-Pesa ni *150*00#, uangalie salio. Mteja akikuharakisha eti boda anasubiri, boda asubiri. Akikupigia mtu kwamba ametuma kimakosa umrudishie, usitume chochote: mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake.

Viatu vinarudishwa kila mara, eti havitoshi. (Morogoro)

Acha kuuliza "unavaa namba ngapi?" 38 ya kiwanda hiki si 38 ya kile. Mwambie mteja akanyage karatasi, achore, apime kisigino hadi kidole kirefu, akutumie sentimita. Viatu vingi vya China vina namba kama 240 ndani, maana yake milimita 240 za urefu wa mguu. Ukiwa na kipimo hicho hubahatishi. Andika mapema pia: kubadilisha ni ndani ya siku ngapi, na nauli ya kurudisha ni ya nani. Ukikosea wewe, lipa wewe.

TIN (namba ya mlipakodi) ni lazima kwa duka lisilo na fremu? (Ukonga)

Ndiyo, biashara ni biashara hata kama iko chumbani kwako. TIN hutolewa na TRA, mamlaka ya mapato, bila malipo, kwa hiyo anayekudai hela ya "kukutolea" anauza kisicho chake. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni.

Natumaje mzigo Mwanza bila kupotea? (Sinza)

Peleka mwenyewe Stendi ya Magufuli, Mbezi, kwenye ofisi ya vifurushi ya basi. Usimkabidhi kijana wa nje anayesema yeye ndiye kondakta. Jina na namba ya mpokeaji andika kwa kalamu nene pande mbili, maana upande mmoja utachubuka njiani. Chukua risiti, ipige picha pamoja na namba ya gari, mtumie mteja kabla hujatoka stendi. Kesho yake mpigie wewe kwanza kumuuliza kama ameupokea, usingoje akutafute.