Kamera ya Refabishi: Uliza Kilichobadilishwa

Kamera niliyoijutia kuliko zote ilikuja inang'aa. Boksi jipya, plastiki bado imebandikwa kwenye skrini, mkanda haujawahi kuvaliwa shingoni. Muuzaji aliandika "refabishi", yaani iliyotumika ikakarabatiwa, mimi nikasoma "mpya kwa bei nafuu". Nikapiga picha mbili tatu sebuleni, usiku nikapiga tena kwenye taa, zote zikatoka safi, nikaitia begini. Siku ya 17 nikawa na harusi ya mchana, jua la utosi. Lenzi nimeifungua hadi f/2.8, kasi ya shata 1/4000 ya sekunde, na kila picha inakuja na utepe mweusi juu, umekata vichwa vya wazee waliosimama nyuma. Muda wa kurudisha ulikuwa siku 14.

Wewe unayeanza, elewa kwanza kilichotokea, maana hapo ndipo wengi tunaliwa. Shata, mlango unaoruhusu mwanga uingie kwenye kamera, ina mapazia mawili. Ukipiga kwa kasi ndogo, tuseme 1/125, pazia la kwanza linafunguka lote, sensa (kibao kinachopokea picha) nzima inaona mwanga, ndipo la pili linafunga. Kasi ikipita kama 1/250, mapazia yanafukuzana: la pili linaanza safari kabla la kwanza halijamaliza, na mwanga unapita kwenye ufa mwembamba katikati yao. Shata ikichoka, pazia la pili linalikamata la kwanza njiani, ufa unazibika, na sehemu ya picha inabaki giza. Kwa hiyo shata mbovu inaweza kukupigia picha nzuri za sebuleni mwaka mzima. Mimi niliipima kamera mahali ambapo ugonjwa wake hauonekani.

Ipime hivi. Toka nje mchana, tafuta ukuta mweupe wenye mwanga sawa, piga 1/500, 1/1000, 1/2000, 1/4000, na 1/8000 kama ipo, huku ukiongeza ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ili mwanga wa picha usibadilike. Zitazame kwa mfululizo. Usifanye jaribio hili chini ya taa za LED, kwa sababu nyingi humeta na zitakuchorea mistari hata kamera ikiwa nzima, ukamgombeza muuzaji bure. Na kama ni kamera isiyo na kioo cha ndani, ingia kwenye mipangilio uchague shata ya mapazia. Ile ya kielektroniki haina pazia la kuchoka.

Sasa hilo neno refabishi. Kuna kamera iliyorudi kwa mtengenezaji mwenyewe, ikafunguliwa, ikapimwa, ikauzwa tena na gerentii yake. Kuna iliyopita kwa fundi wa duka, ambaye anaweza kuwa hodari au wa kubahatisha. Na kuna iliyofutwa vumbi kwa kitambaa. Zote zinauzwa kwa jina moja. Ndiyo maana siku hizi siulizi "ina hali gani?", kwa sababu jibu ni "nzuri sana" siku zote. Nauliza: nani aliikarabati, alibadilisha nini, na ikiharibika naipeleka kwa nani? Muuzaji anayejua bidhaa yake atakwambia, kwa mfano, shata ni mpya, raba ya kushikia imebandikwa upya, sensa imesafishwa. Anayekujibu "tumekagua kila kitu" hajakujibu.

Wageni wengi wanaganda kwenye idadi ya mapigo ya shata. Ni namba ya maana, lakini isome na kitu kingine pembeni. Canon 5D Mark IV ilipimwa kwa mapigo 150,000, Nikon D850 kwa 200,000. Hayo ni makadirio ya kiwandani, si siku ya kufa. Kamera nyingi za Nikon huandika idadi hiyo ndani ya faili la picha, hivyo mwombe muuzaji akutumie JPEG halisi. Akikutumia kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo zinafutika. Mwambie aitume kama dokumenti. Kwa Canon nyingi faili halisemi, utahitaji programu maalumu na waya, au fundi. Halafu linganisha na mwili. Mapigo 8,000 na rangi imelika pale panapofungwa flashi, pete za mkanda zimesuguliwa hadi chuma? Ama namba imerudishwa nyuma baada ya shata kubadilishwa, ama kamera imeshinda kwenye video, ambako saa tano za kurekodi hazihesabiwi kama mapigo ya shata. Yote mawili si dhambi, ila uambiwe. Geuza pia tumboni utazame vichwa vya skrubu: vikiwa vimechubuka, mtu ameifungua kwa bisibisi isiyo yake.

Sensa ipime kwa f/22, lenzi ikiwa imebanwa sana, na ukuta uleule, ISO ndogo, na uisogeze kamera kidogo wakati shata iko wazi. Madoa ya ukuta yatafutika, ya sensa yatabaki palepale. Vumbi lisikutishe, pampu ya mkono mara nyingi inalitoa. Mkwaruzo hautoki.

Betri ni jambo dogo: Canon nyingi huonyesha afya yake kwa visanduku vitatu, na Nikon zinazotumia betri ya EN-EL15 huonyesha umri kuanzia 0 (mpya) hadi 4. Ya bandia mara nyingi haionyeshi kitu.

Na tafadhali, usirudishe kamera kwa sababu ukichungulia unaona ukungu. Kuna kigurudumu kidogo pembeni ya pale unapoweka jicho. Mwenye kamera wa kwanza alikiweka kulingana na macho yake. Kizungushe. Nimeona mtu amefunga boksi lake tayari kwenda kugombana.

Ile yangu nilimlipa fundi, akaweka shata nyingine, na bado naifanyia kazi. Risiti yake naiweka ndani ya boksi la kamera. Siku nikiiuza, mnunuzi ataikuta humo, pamoja na tarehe na kilichobadilishwa.