Uliza Tukujibu: Ukoka ambao haukanyagwi nao ni eneo la wazi?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mimi ni akitekti mdogo hapa Dar, mteja wetu anataka cheti cha LEED, kile cha Marekani cha majengo yanayotunza mazingira, kwa jengo la ofisi ghorofa sita. Kiwanja ni mita za mraba 4,000, jengo linakalia 2,000, paking na njia ya magari 1,100, nyuma kuna ukoka 700 na mbele 200 ni bwawa la zege la kukinga maji ya mvua. Bosi anasema kila pasipo na jengo ni eneo la wazi, kwa hiyo sharti la LEED la eneo la wazi tumeshalivuka. Ni kweli?

JIBU: Hapana dada, na umefanya vizuri kuuliza mapema kabla michoro haijaenda mbali. Kwenye LEED v4, yaani toleo la nne, eneo la wazi linatakiwa liwe asilimia 30 ya kiwanja chote, na hapo jengo lenyewe linahesabiwa ndani ya kiwanja, kwa hiyo nyie mnatafuta mita 1,200. Paking inatoka moja kwa moja. Mnabaki na 900, na hizo 900 zenyewe zina matatizo.

Shida kubwa ni huo ukoka maana masharti yanataka mtu aweze kufika pale na awe na kitu cha kufanya, akae, acheze, alime mboga, au iwe bustani yenye mimea ya aina mbalimbali inayopendeza mwaka mzima. Ukoka mtupu ambao mlinzi anafukuza watu wasiukanyage hauhesabiki hata ungekuwa ekari nzima, na mimi naona LEED wako sahihi kabisa, mfanyakazi anayekula chipsi amesimama ukutani hafaidiki na majani ya kuangalia dirishani. Wekeni mabenchi, njia za kutembea, meza. Halafu angalau robo ya eneo linalotakiwa, kwenu mita 300, iwe na mimea, na nyasi za ukoka pekee haziingii kwenye hiyo robo, pandeni vichaka, maua, miti. Kivuli cha matawi kinahesabika pia, yaani pevingi (sakafu ya nje ya kutembelea) iliyo chini ya mti mpana inaingia, kwa hiyo kama kuna mwembe hapo msiukate!

Bwawa la kuta za zege zilizosimama wima nalo halipiti. Linapita likiwa la asili-asili, kingo zimelala, kushuka mita 1 kwa kila mita 4 za mlalo au taratibu zaidi, na zimeoteshwa mimea.

Sasa hata mkirekebisha vyote bado mnapungukiwa 300, ndo hapo paa linawaokoa. Sakafu zote mkijumlisha ni kama 12,000, ukigawa kwa kiwanja unapata 3, na kuanzia 1.5 mnaruhusiwa kuhesabu sehemu ya paa iliyosakafiwa ambayo watu wanafika, na mimea ya juu inaingia kwenye ile robo. Bwawa likishindikana basi paa litoe 500, au mpunguze paking, ambayo mimi ningeanza nayo.

Mwambie bosi pia hii ni pointi 1 tu kati ya 110 na sio ya lazima, cheti cha chini kinaanzia 40. Mteja akihamia EDGE, cheti kingine cha majengo ya aina hiyo, eneo la wazi si sharti, wao wanapima nishati, maji na vifaa vya ujenzi, okoa asilimia 20 kila kimoja. Ila hao watu wa ofisini bado watahitaji pa kukaa mchana, kwa hiyo mabenchi yabaki kwenye mchoro hata hivyo.